Kukauka si Kuiva: Sekunde Chache za Gundi ya Vitambaa Visivyofumwa

Kitambaa kinachopita mtamboni kwa kasi ya mita 200 kwa dakika husafiri zaidi ya mita 3 kila sekunde. Tanuri likiwa na urefu wa mita 20, kipande chochote cha kitambaa hicho kitakaa ndani yake sekunde 6 tu. Ndani ya muda huo gundi iliyonyunyizwa ikiwa majimaji inatakiwa ipoteze maji yote, igeuke utando, kisha ifanye kazi ya kikemia itakayoamua kama kitambaa kitavumilia kulowa au kitamumunyukia mkononi. Mwenye kiwanda angefurahi zaidi kama kasi ingepanda hadi mita 300.

Mada ya gundi zinazoiva haraka huwatisha watu kwa sababu huelezwa kuanzia kwenye majina ya kemikali. Anza na hizo sekunde 6, na sehemu kubwa ya mkanganyiko itajifungua yenyewe.

Kwanza, tunazungumzia kitambaa gani? Ni kile ambacho hakikupitia uzi wala kitanda cha mfumi. Nyuzi za selulosi, mara nyingi zilizochambuliwa kutoka mbao za misonobari na zenye urefu wa milimita 2 hadi 3 hivi, hupeperushwa na hewa na kutandazwa juu ya wavu unaotembea, huku hewa ikifyonzwa kutoka chini ya wavu ili nyuzi zitulie. Wakati mwingine huchanganywa na nyuzi ndefu zaidi za rayoni. Kinachotoka ni blanketi jepesi, laini, linalofyonza maji vizuri sana, na ambalo ukilishika vibaya linaachana. Ndilo linaloishia kuwa taulo nene za kupangusia, vitambaa vya mezani vya kutumia mara moja, vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, na tabaka za ndani za nepi na taulo za kike.

Kwa nini linaachana wakati karatasi, iliyotengenezwa kwa nyuzi zilezile, haiachani? Karatasi hutengenezwa majini. Maji yanapotoka huzivuta nyuzi zikaribiane mpaka zigusane, na pale zinapogusana vikundi vya haidroksili (oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja) vilivyojaa juu ya selulosi hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kila kiungo cha glukosi kwenye mnyororo wa selulosi kina vikundi vitatu vya aina hiyo, kwa hiyo vifungo ni vingi mno, ingawa kila kimoja peke yake ni dhaifu. Blanketi lililotandazwa kwa hewa halijapitia hatua hiyo, na nyuzi zake zimelala tu moja juu ya nyingine. Tena hata vifungo vya karatasi havina ujanja mbele ya maji. Karatasi ya kawaida ikilowa hubaki na nguvu isiyofika sehemu moja ya kumi ya ile iliyokuwa nayo ikiwa kavu, kwa sababu molekuli za maji hujipenyeza katikati na kuchukua nafasi ya vifungo. Kitambaa cha kufutia kinachouzwa kikiwa kimelowa tayari, na kukaa hivyo miezi kadhaa ndani ya pakiti, kinahitaji mshiko wa namna nyingine kabisa.

Maziwa yenye polima

Mshiko huo hutolewa na gundi ya polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, inayofika kiwandani ikiwa majimaji meupe kama maziwa. Weupe huo hautokani na rangi yoyote. Ni mwanga unaotawanywa na chembe ndogo za polima zinazoelea majini, nyingi zikiwa na kipenyo cha kati ya mikromita 0.1 na 0.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Karibu nusu ya uzito wa majimaji hayo ni polima, iliyobaki ni maji. Kabla ya kunyunyizwa huongezwa maji zaidi ili yapite kwenye pua za kunyunyizia bila kuziba.

Polima inayotawala uwanja huu ni ile ya vinili asetati iliyounganishwa na ethilini. Vinili asetati peke yake ni ngumu: polima yake huanza kulainika kwenye digrii 30 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kwenye joto la kawaida la chumba utando wake huvunjika ukikunjwa. Ethilini huilainisha. Faida yake ni kwamba ulaini huo umeshonwa ndani ya mnyororo wenyewe, haujatiwa kama mafuta ambayo baadaye yangetoka na kuhamia kwenye ngozi ya mtumiaji. Zipo pia gundi za stirini na butadieni, imara sana majini lakini hugeuka manjano zikikaa kwenye mwanga, na za akriliki, ambazo hazina ugomvi na mwanga ila gharama yake huwa juu zaidi.

Gundi ikitua kwenye nyuzi, maji huanza kuondoka, chembe hukaribiana, hubanana, hubonyeana kama wali ulioiva sana, mpaka mipaka kati yao inafifia na kubaki utando. Sehemu yenye manufaa ya utando huo ni ile inayokaa pale nyuzi mbili zinapokingamana. Gundi iliyopaka katikati ya uzi mmoja haishiki kitu. Huongeza ugumu tu na kupunguza ufyonzaji.

Sasa kitambaa kimekauka. Ukikivuta kikiwa kikavu utadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Utando huo bado ni rundo la minyororo iliyosokotana bila kufungwa. Kichovye kwenye maji yenye sabuni, nao utavimba, utalainika, na nyuzi zitaanza kuteleza. Ili usiteleze, minyororo ya polima inatakiwa ifungwe yenyewe kwa yenyewe kwa madaraja ya kikemia, na ikiwezekana ifungwe pia kwenye selulosi. Ufungaji huo ndio kuiva.

Mkono unaofunga

Njia iliyozoeleka zaidi ni kuchomeka kwenye mnyororo wa polima, wakati unatengenezwa, kiasi kidogo cha kiungo kiitwacho N-methiloli akrilamidi. Viwandani kila mtu anakiita NMA, nami nitafanya hivyohivyo. Asilimia chache tu za uzito wa polima zinatosha. Kila NMA huacha mkono unaoning'inia pembeni mwa mnyororo: naitrojeni, kisha kaboni moja, kisha haidroksili mwishoni.

Mkono huo ukipata joto na asidi una mambo mawili ya kufanya. Unaweza kukutana na haidroksili ya selulosi, ukatoa molekuli moja ya maji, na kubaki umefungwa kwenye uzi kwa kifungo cha etha. Hicho ndicho kifungo kinachotamaniwa kuliko vyote, maana gundi na nyuzi zinakuwa kitu kimoja. Au unaweza kukutana na mkono mwenzake kutoka mnyororo jirani: ikishikana, inatoa maji na kuwa daraja refu kidogo lenye oksijeni katikati. Daraja hilo likiendelea kupata joto hujifupisha, na katika kujifupisha hutema formaldehaidi, gesi yenye harufu kali. Kumbuka kutema huko, maana ndiko kulikobadilisha historia ya gundi hizi.

Asidi inatoka wapi? Ukiimimina moja kwa moja kwenye pipa, gundi itaanza kuiva pipani. Kwa hiyo hutumika chumvi isiyo na makali makubwa ikiwa baridi, mfano amoniamu kloridi. Ikipata joto ndani ya tanuri, amonia huruka hewani na asidi ya haidrokloriki hubaki ndani ya utando, na hapo mikono huanza kushikana. Nadhani hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika ufundi huu: kichocheo kinachosafiri kikiwa kimelala na kuamshwa na tanuri lenyewe. Wengine hutumia asidi ya sitriki, au chumvi nyingine zenye asidi, kulingana na kinachoruhusiwa kugusa ngozi au chakula.

Maji yanavyokula muda

Turudi kwenye muda, tena kwa hesabu. Chukua kitambaa kitakachokuwa na gramu 60 kwa kila mita ya mraba kikikamilika, gramu 10 kati ya hizo zikiwa gundi kavu. Gundi hiyo ikinyunyizwa ikiwa na asilimia 20 ya polima, basi kila mita ya mraba imepokea gramu 50 za majimaji, na gramu 40 kati yake ni maji ya kufukuzwa. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke hutaka joto la jouli 2,260 hivi. Kwa gramu 40 hiyo ni kilojouli 90. Maji yakiisha, kukipandisha kitambaa kikavu kutoka digrii 100 hadi 150 kunahitaji kama kilojouli 4 tu.

Yaani ukaushaji hula joto zaidi ya mara 20 ya lile la kupandisha kitambaa kwenye joto la kuivia. Ubaya ni kwamba kitambaa chenye maji hakipandi joto upendavyo. Hewa ya tanuri inaweza kuwa digrii 180, lakini maadamu maji bado yanageuka mvuke, kitambaa chenyewe kinabaki chini ya digrii 100, kwa kuwa kila joto linaloingia linatoka na mvuke. NMA kwenye joto hilo haina haraka. Inaanza kuchangamka kwa kweli kwenye digrii 120 na kuendelea, wakati sekunde nyingi zimekwisha kupita. Kati ya zile 6, huenda kemia ikaachiwa moja na nusu au mbili za mwisho.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mkemia, tazama maji. Kunyunyiza gundi yenye asilimia 30 ya polima badala ya 20 hupunguza maji ya mfano wetu kutoka gramu 40 hadi 23 hivi, na muda uliookolewa unakwenda wote kwenye kuiva. Kuipaka gundi ikiwa povu ni njia nyingine ya kwenda huko huko, kwani hewa inachukua kazi ya kusambaza iliyokuwa ikifanywa na maji. Mitambo mikubwa hunyunyiza upande mmoja, hukausha, hunyunyiza wa pili, hukausha tena, kisha hupitisha kitambaa kwenye tanuri la tatu la kuivishia. Inasaidia, ingawa matanuri matatu ni ghali na kila mita inayotumika kukausha haiivishi.

Maji yana uchokozi mwingine. Yanapokimbilia juu kutoka katikati ya kitambaa hubeba chembe za gundi, hivyo kitambaa kilichokaushwa kwa papara huweza kuwa na ngozi ngumu nje na tumbo lisiloshikana ndani. Ukikichana kwa vidole kinafunguka katikati kama karatasi mbili zilizobandikwa.

Mambo matatu ya kuharakisha, na bei ya kila moja

La kwanza linalomjia mtu ni kuongeza moto. Mmenyuko wa kemia huenda kasi joto likipanda, hilo halina ubishi. Lakini selulosi nayo ni kitu cha kuungua. Inaanza kugeuka manjano mapema, hukakamaa, hupoteza unyevu wa asili unaoipa ulaini, na vumbi la nyuzi lililojikusanya kwenye pembe za tanuri ni kuni zinazosubiri cheche. Hakuna msimamizi wa zamu anayelala vizuri akiwa na tanuri la vumbi la selulosi karibu na digrii 200.

La pili ni kuongeza asidi. Asidi zaidi, mikono hushikana upesi zaidi, hata kwenye joto la chini kidogo. Ila asidi hiyohiyo hukata minyororo ya selulosi. Nyuzi zinazofungwa kwa nguvu huku zenyewe zikidhoofishwa hazikupi kitambaa imara, zinakupa kitambaa kinachokatika mahali pengine. Chuma cha mtambo nacho kinaliwa. Na pipa la gundi lililotiwa kichocheo kingi halikai. Lililokuwa majimaji asubuhi linaweza kuwa na mabonge jioni, mabomba na pua zikaziba.

La tatu ni kubadilisha kemia yenyewe. Hapo ndipo utafiti mwingi umeelekea, na si kwa sababu ya kasi peke yake. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka formaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ujapani ilikuwa imewahi mapema: sheria yake ya mwaka 1973 kuhusu bidhaa za nyumbani zenye vitu vya madhara iliweka msingi wa ukomo wa sehemu 75 kwa milioni kwa nguo zinazogusa ngozi ya watu wazima, na kwa watoto wa chini ya miezi 24 kiwango kilichobanwa mno hadi kuwa sawa na kutoonekana kabisa kwenye kipimo. Ukichanganya habari hizo na ukweli kwamba kitambaa cha kufutia mtoto ni mojawapo ya wateja wakubwa wa gundi hizi, utaelewa kwa nini NMA, pamoja na uaminifu wake wote, inatafutiwa mrithi.

Suluhu ya haraka ni kuibana bila kuifukuza. Sehemu ya NMA hubadilishwa kwa akrilamidi isiyo na kaboni ile ya ziada, hivyo kiasi cha formaldehaidi inayoweza kutoka kinapungua. Au urea hutiwa ili iidake formaldehaidi kabla haijatoka. Bidhaa nyingi zinazoitwa "zenye formaldehaidi ya chini kabisa" zimetokana na hatua hizo, na kwa matumizi mengi zinatosha.

Wanaotaka kuondoka kabisa wana wagombea kadhaa, na hapa msomaji anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu kila mgombea husifiwa kwa jambo moja na kunyamaziwa kwa jingine.

Asidi zenye vikundi vingi vya kaboksili (kaboni moja, oksijeni mbili na haidrojeni moja, ndicho kikundi kinachoifanya kuwa asidi) ndizo zinazopendwa na watu wa mazingira. Clark Welch, mkemia wa kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani huko New Orleans, alionyesha mwaka 1988 kwamba asidi ya butani yenye kaboksili nne, ikisaidiwa na sodiamu haipofosfaiti, hufunga minyororo ya pamba vizuri hata nguo isikunjamane. Asidi ya sitriki hufanya kazi kwa njia hiyohiyo kwa bei ndogo. Kaboksili mbili jirani hutoa maji na kuwa anhidridi, kisha anhidridi hiyo huunda esta na haidroksili ya selulosi. Safi, haina formaldehaidi. Lakini inataka digrii 160 hadi 180, tena kwa muda unaohesabika kwa makumi ya sekunde na zaidi. Kwa nguo inayopita polepole hilo si neno. Kwa mtambo wetu ni ndoto.

Mgombea wa pili anatoka kwenye karatasi. Kampuni ya Hercules ya Marekani ilileta mwishoni mwa miaka ya 1950 resini ya poliamidi iliyomenyushwa na epiklorohaidrini, na ndiyo inayofanya taulo za karatasi zisiachane zikilowa. Siri yake ni pete ndogo ya azetidinia yenye pembe nne na chaji chanya. Pete ya pembe nne imejikunja kwa shida, kwa hiyo iko tayari kufunguka ikikutana na kaboksili au amini (kikundi chenye naitrojeni). Haihitaji asidi, haitoi formaldehaidi, na ikioanishwa na polima ya gundi yenye kaboksili huanza kufunga kwenye joto la chini kuliko lile linalotakiwa na NMA. Kasoro zake? Chaji yake chanya inaweza kuigandisha gundi yenye chaji hasi papo hapo kwenye pipa, kwa hiyo gundi inabidi iwe ile iliyotulizwa kwa polivinili alkoholi badala ya sabuni zenye chaji. Pia utengenezaji wake huacha mabaki ya kloropropanoli, ambayo wasimamizi wa vifungashio vya chakula hawayapendi hata kidogo, na viwanda vimetumia miongo kuyapunguza.

Wa tatu ni jozi ya ketoni na haidrazidi, iliyozoeleka zaidi kwenye rangi za kupaka. Polima hubeba kikundi cha ketoni, na haidrazidi huelea kwenye maji ya gundi. Wakiwa pamoja majini chini ya ulinzi wa amonia hawasumbuani sana. Maji na amonia vikiondoka, wanashikana, hata bila joto kubwa. Angalia uzuri wa jambo hili: kinachoanzisha kuiva ni ukaukaji wenyewe, kwa hiyo zile sekunde zilizokuwa zikiliwa na maji hazikupotea bure. Sioni ajabu kwamba wengi wamevutiwa nayo. Ila haidrazidi zenyewe zinahitaji uangalifu wa kiafya, malighafi yake ni ghali, na kifungo kinachopatikana ni kati ya polima na polima, wakati selulosi imebaki mtazamaji.

Haraka ikizidi

Kuna kikwazo ambacho matangazo ya gundi hayakigusi. Nilisema chembe za polima hubanana mpaka mipaka ifutike. Kufutika huko kuna maana halisi: minyororo ya chembe moja inatambaa na kuingia kwenye chembe ya jirani, na kusokotana kwao ndiko kunakoupa utando ukakamavu. Kutambaa kunahitaji muda. Ikiwa madaraja ya kikemia yatajengeka kabla minyororo haijavuka mpaka, kila chembe itaiva peke yake. Utapata rundo la mipira migumu iliyogusana kwa ngozi tu, nao utando utapasuka kwa kufuata mipaka ileile ya mwanzo.

Maana yake ni kwamba gundi inayoiva haraka kupita kiasi inaweza kutoa kitambaa dhaifu kuliko inayoiva kwa kiasi. Mpangilio unaotakiwa ni mmenyuko unaochelewa, kisha unaokimbia: usubiri mpaka utando ukamilike, halafu umalize kwa ghafla. Chumvi ya amoniamu hulifanya hilo kwa kiasi fulani, kwa kuwa asidi huzaliwa wakati maji yanamalizika. Polima laini zenye ethilini nyingi nazo husaidia, maana minyororo yake hutambaa upesi. Kati ya yote yanayoitofautisha gundi nzuri ya haraka na gundi ya haraka tu, mimi ningeweka hili la kwanza.

Utajuaje sasa kama kitambaa kimeiva? Si kwa kukigusa wala kwa kukivuta kikiwa kikavu. Maabara hukata ukanda mwembamba kwa upande unaokingamana na mwelekeo wa mtambo, kwa sababu nyuzi nyingi hulala kwa kufuata mwendo na upande wa kukingama ndio unaoachia gundi mzigo. Ukanda huchovywa kwenye maji yenye sabuni kali ya kulowesha, kisha hukatwa kwa kuvutwa na mashine. Zoezi hurudiwa kwa vipande vilivyokaa tanurini muda tofauti: sekunde 5, sekunde 10, sekunde 30, hadi dakika 3 ambazo huhesabiwa kuwa kuiva kamili.

Mstari unaopatikana ndio wa kuangalia. Muuzaji anayekuonyesha nguvu ya baada ya dakika 3 hajakwambia lolote kuhusu kasi. Gundi mbili zinaweza kufika kileleni sawasawa, moja ikiwa tayari karibu na kilele baada ya sekunde 8 na nyingine ikiwa njiani bado. Muulize sekunde 8.

Aonekanaye mshindwa kwenye kipimo hicho naye asihukumiwe upesi. Kitambaa hutoka tanurini kikiwa moto na kuzungushwa mara moja kuwa roli kubwa, na katikati ya roli joto hukaa kwa saa nyingi. Kuiva huendelea humo polepole. Resini za azetidinia zinajulikana kwa tabia hii: nguvu yao majini huendelea kupanda kwa siku kadhaa baada ya kitambaa kutoka mtamboni. Viwanda vingine huitegemea kabisa na kuliacha roli litulie kabla ya kulikata. Ni ujanja halali, mradi nyuso zisigandane ndani ya roli, na mradi harufu inayotoka roli linapofunguliwa isiwe ya kitu ambacho hukukipima.

Jambo la mwisho linakwenda kinyume na yote yaliyotangulia. Vitambaa vyenye unyevu vinavyokusudiwa kutupwa chooni vinatakiwa viwe imara ndani ya pakiti na viachane ndani ya bomba la maji taka. Gundi ya NMA iliyoiva barabara haifai hapo hata kidogo, kwa sababu madaraja yake hayajui tofauti ya pakiti na bomba. Resini ya poliakrilamidi iliyotiwa glioksali huiva upesi sana, ila vifungo vyake vya hemiasetali hurudi nyuma ndani ya maji, hivyo inafaa karatasi ya chooni inayolowa kwa dakika chache kuliko kitambaa kinachokaa majini miezi. Kwa kitambaa cha pakitini, wabunifu waliiacha njia ya madaraja ya kudumu na kutengeneza polima zenye chaji zinazobaki zimejikunja na kushika nyuzi maadamu majimaji ya pakiti yana chumvi ya kutosha. Kitambaa kikitumbukia chooni, chumvi huzimuliwa na maji mengi, chaji za polima huanza kusukumana, gundi hufunguka na nyuzi huachana. Polima za mwanzo za aina hiyo zilikwama kwenye maji magumu, kwa sababu kalsiamu, hata ikiwa kidogo, ilizishikilia chaji kwa nguvu kuliko chumvi ya kawaida na kitambaa kikabaki kizima. Ilibidi zitafutwe polima ambazo chaji zake zinatoka kwenye vikundi vya salfoneti, ambavyo kalsiamu haivishiki kwa nguvu kama inavyovishika vya kaboksili.